Kutoka Lamu hadi kituo cha utafiti cha ncha ya dunia: mwongozo kamili wa safari na maisha ya kila siku

Mwongozo huu ni wa kijana wa Mkomani, Langoni, Shela, au hata wa Malindi na Kilifi, anayetaka kwenda kusoma au kufanya kazi kwenye kituo cha utafiti karibu na ncha ya kaskazini au ya kusini. Mimi nimefanya kazi ya jikoni Longyearbyen, kwenye visiwa vya Svalbard vya Norwei, na kwa zamu nikapelekwa Ny-Ålesund, kijiji cha watafiti visiwani humo, kwa hiyo kaskazini nitaieleza kwa urefu. Kusini nitaigusa pale inapomhusu mtu wa pwani.

Karibu kila anayeniuliza huanza na baridi. Baridi ina nguo zake, na nguo zanunulika. Wanaorudi kabla ya wakati hawarudishwi na baridi. Wanarudishwa na jua lisilotua, au usiku usiokwisha, au sauti ya mtu mmoja anayetafuna mkate mezani kila asubuhi mahali pale pale. Huko ndiko nilikoweka uzito.

Hatua ya kwanza: chagua ncha kabla ya koti

Ncha ya kaskazini iko katikati ya bahari iliyozungukwa na nchi za watu. Ncha ya kusini iko juu ya bara lisilo na mwenyeji hata mmoja. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua viza yako, kazi yako na muda utakaokaa.

Kaskazini, mlango ulio wazi zaidi kwa Mkenya ni visiwa vya Svalbard. Viko chini ya Norwei kwa mkataba wa mwaka 1920, na kwa desturi iliyotokana na mkataba huo Norwei haidai viza wala kibali cha kuishi ukiwa visiwani kwenyewe. Mji mkubwa ni Longyearbyen, latitudo 78 kaskazini, wenye hospitali, shule, maduka na watu wa mataifa mengi. Kaskazini zaidi ipo Ny-Ålesund, karibu latitudo 79, kijiji kizima cha watafiti. Wanorwei, Wajerumani na Wafaransa, Waitalia, Waingereza, Wachina, Wahindi, Wakorea, Wajapani na Waholanzi, wote wana nyumba zao pale. Kituo cha China kilijulikana kwa simba wawili wa mawe mlangoni, na wageni walikuwa wakipiga picha hapo. Kituo cha Italia kinaitwa Dirigibile Italia, na mtu wa Malindi aliyejifunza Kiitaliano ufukweni atashangaa jinsi lugha ile inavyomfungulia milango akiwa digrii 79.

Usidhani tunaenda mahali ambapo hakuna Mkenya aliyetia mguu. Hifadhi ya mbegu ya dunia ilipofunguliwa ndani ya mlima wa Longyearbyen Februari 2008, aliyeingiza kisanduku cha kwanza pamoja na waziri mkuu wa Norwei alikuwa Wangari Maathai.

Kusini mambo ni mengine. Mkataba wa Antaktika ulitiwa saini mwaka 1959 na nchi 12, na Afrika iliwakilishwa na Afrika Kusini peke yake. Kenya haina kituo huko. Afrika Kusini inacho SANAE IV, kilichojengwa juu ya mwamba unaotokeza kwenye barafu, na timu ndogo hukaa humo majira yote ya baridi: daktari, mafundi wa dizeli, mtu wa umeme, mtu wa hali ya hewa. Meli yao, S.A. Agulhas II, hutoka Cape Town mwezi wa Disemba. Nafasi hizo kwa kawaida ni za raia wao, kama vile za vituo vya Marekani zilivyo za Wamarekani. Mlango upo, ila ni mwembamba, na mara nyingi humfungukia mwanasayansi anayealikwa kwenye mradi wa chuo cha nje. Fundi wa kutoka Lamu anayeandika barua pepe tu atasubiri sana.

Ushauri wangu: anza kaskazini.

Hatua ya pili: pata sababu ya kuwa huko

Njia ni tatu.

Ya kwanza ni masomo. Longyearbyen kuna chuo cha UNIS, kilichoanzishwa mwaka 1993, kinachofundisha biolojia, jiolojia, jiofizikia na teknolojia ya Aktiki, yaani eneo la ncha ya kaskazini, kwa Kiingereza. Hakitozi karo. Utalipia chakula, chumba na nauli, na hivyo si vidogo. Kinachotakiwa ni uwe tayari umesoma masomo ya msingi ya fani hiyo chuoni kwako. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi anayesomea mambo ya bahari ana la kusema: mawimbi, chumvi, samaki, matumbawe yanayokufa kwa joto. Aktiki inapata joto kwa kasi kuliko sehemu nyingine za dunia, na wenzetu huko wanapenda kumsikia mtu aliyeuona upande wa pili wa habari hiyo. Jiunge pia na APECS, chama cha watafiti vijana wa maeneo ya ncha. Uanachama ni bure, na matangazo ya nafasi hupita humo.

Ya pili ni kazi za mikono. Kituo cha utafiti hakiendeshwi na madaktari wa falsafa. Kinaendeshwa na mpishi, fundi bomba, fundi umeme, fundi wa jenereta na msafishaji. Ny-Ålesund inaendeshwa na Kings Bay, kampuni ya serikali ya Norwei, na kazi zake nyingi zinataka Kinorwei au lugha jirani. Longyearbyen, kwenye hoteli na mikahawa, Kiingereza hutosha kuanzia. Mimi nilianza kwa kuosha vyombo. Jifunze Kinorwei usiku.

Ya tatu ni mradi wa utafiti unaokuchukua msimu mmoja tu, kwa kawaida kupitia msimamizi wako wa chuo. Hii humjia anayeandika barua nyingi bila kuchoka.

Kuhusu mawakala: anayekuambia ana nafasi za Antaktika na anataka pesa za usajili, mkatalie. Vituo hutangaza kazi kwenye tovuti zao wenyewe, wazi, na kuomba ni bure.

Na kama umeajiriwa Longyearbyen, hakikisha mkataba unataja chumba. Nyumba ni chache na nyingi ni za waajiri, kwa hiyo kazi bila chumba ni kazi nusu. Hakuna wa kukulisha ukiishiwa, na gavana wa Svalbard anaweza kumrudisha mtu asiyeweza kujikimu.

Hatua ya tatu: karatasi

Hapa ndipo watu wengi hupotelea. Svalbard haidai viza, lakini ndege ya kwenda huko hupitia Norwei bara, na Norwei bara iko ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Utahitaji viza ya Schengen, na lazima iwe ya kuingia mara mbili. Ukiruka kwenda Longyearbyen umehesabiwa kuwa umetoka Schengen, na wakati wa kurudi unaingia upya. Mwenye viza ya kuingia mara moja hujikuta visiwani kihalali kabisa, na hana njia ya kurudi nyumbani. Andika neno hilo kwenye barua ya maombi, mtajie ofisa kwa mdomo, kisha ukiletewa pasipoti fungua uone wameandika nini.

Kwa Cape Town ni rahisi zaidi: tangu Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90 kwa mwaka. Usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Bima ni lazima, na isome mpaka mwisho. Itafute inayolipia kuokolewa kwa helikopta na kusafirisha maiti. Neno la pili linatisha, lakini kwetu sisi lina uzito wake. Longyearbyen haijaruhusu makaburi mapya ya majeneza tangu mwaka 1950, kwa sababu ardhi imeganda chini na haiozeshi maiti. Muislamu akifikwa na mauti huko lazima asafirishwe ili azikwe panapostahili. Waambie watu wa nyumbani karatasi ya bima iko wapi.

Hatua ya nne: mwili

Nenda kwa daktari wa meno kwanza, halafu ndiyo daktari wa kawaida. Jino linalouma Lamu ni safari ya asubuhi moja hospitalini, ilhali jino linalouma kituoni katikati ya dhoruba ni wiki bila usingizi. Mwaka 1961, kwenye kituo cha Novolazarevskaya huko Antaktika, Leonid Rogozov, daktari pekee wa timu, alipata ugonjwa wa kidole tumbo na akajipasua mwenyewe, wenzake wakimshikia kioo. Alipona. Ndiyo maana fomu za afya za kusini zina kurasa nyingi hivyo, na ndiyo maana hupaswi kuficha kitu unapozijaza.

Sisi watu weusi tuna mambo mawili ambayo vitabu vyao havitaji sana.

La kwanza ni vitamini D. Ngozi yetu huhitaji jua zaidi kuitengeneza, na Longyearbyen jua halionekani kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari. Pimwa kabla ya kuondoka, uulize daktari kipimo cha vidonge.

La pili ni baridi inayogandisha nyama. Tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba askari weusi huumia kwa baridi mara nyingi zaidi ya weupe. Mafunzo ya usalama yatakwambia uangalie wekundu na weupe wa ngozi. Kwetu wekundu hauonekani. Sehemu iliyoanza kuganda huwa na rangi ya majivu, inang'aa kama nta, na muhimu zaidi, inaacha kuuma. Kidole kinachouma bado kipo nawe. Kikinyamaza ghafla, ingia ndani, kiweke kwapani, usikisugue wala usikisogeze kwenye moto. Muombe mwenzako akuangalie pua na masikio kila baada ya muda, nawe umuangalie yeye. Usione haya kumsimamisha mkuu wako wa kazi na kumtazama usoni.

Hatua ya tano: mzigo

Jeans na fulana za pamba acha nyumbani. Pamba ikishika jasho haikauki, na jasho ndilo linalougandisha mwili. Unataka sufu inayogusa ngozi, kisha nguo nzito ya kati, kisha koti lisilopitisha upepo. Vituo vya Antaktika kwa kawaida hukupa nguo za nje. Svalbard uliza mwajiri kabla hujatoa pesa. Makoti ya mtumba ya Gikomba yanaonekana manene, lakini mengi yametengenezwa kwa mvua ya London. Hela yako iweke kwenye viatu, soksi za sufu na glavu: nyembamba ya ndani, na juu yake ile ya kidole gumba peke yake.

Longyearbyen yenyewe si kali kama watu wanavyodhani. Mkondo wa maji moto wa Atlantiki huipunguza baridi yake, na kiangazi ni nyuzi 5 hadi 7. Ncha ya Kusini ndiyo kiboko, kwa wastani wa karibu nyuzi 49 chini ya sifuri. Lakini nyuzi 15 chini ya sifuri zenye upepo zinatosha kukufundisha adabu.

Vitu vya nyumbani vya kubeba: kikoi au kanga ya kuvaa chumbani, kwa sababu ndani kuna joto kuliko unavyotegemea, bizari na iliki, pilipili ya unga, tende, mafuta ya mgando ya midomo na pua. Hewa ni kavu mno, na pua hutoka damu wiki ya kwanza.

Vitu vya kuacha:

Udi na ubani. Najua. Lakini moto ndio adui namba moja wa kituo chochote cha ncha. Hewa ni kavu, maji yamegandana, na nyumba ikiungua hakuna ya pili. Kituo cha Brazil, Comandante Ferraz, kiliungua Februari 2012 na watu wawili wakafa. King'ora cha moshi kikilia kwa sababu ya chetezo chako, kijiji kizima kitatoka nje usiku na majaketi juu ya nguo za kulalia, na hawatakusahau. Chukua mafuta ya udi ya kupaka.

Miraa na muguka. Huko Norwei huhesabiwa kuwa dawa za kulevya, na ukikamatwa uwanja wa ndege safari imeishia hapo.

Kwa wanaokwenda kusini, mbegu, udongo na mimea. Itifaki ya mazingira ya Antaktika inakataza kuingiza viumbe vya nje, na mchanga wa Shela uliojificha kwenye pindo la mkoba wako unahesabika. Safisha nyayo za viatu, geuza mifuko nje, ondoa majani yaliyonasa kwenye vifungo vya koti.

Hatua ya sita: njiani

Boti hadi Manda, ndege hadi Nairobi, kisha Ulaya, Oslo, na mara nyingi Tromsø kabla ya Longyearbyen. Mwenye bajeti ndogo atavuka Mokowe apande basi la Mombasa, aunganishe hapo. Nguo nzito vaa au beba mkononi. Mzigo ukichelewa Oslo, utashuka Longyearbyen na kile ulichonacho mwilini.

Kutoka Longyearbyen kwenda Ny-Ålesund ni ndege ndogo, kama nusu saa angani, na inategemea hali ya hewa. Wanapima mizigo, na wewe pia unapimwa.

Kabla hujapanda, tuma ujumbe nyumbani. Ny-Ålesund ni eneo la ukimya wa redio: hakuna Wi-Fi, hakuna Bluetooth, simu iko kwenye hali ya ndegeni wakati wote. Pale kuna antena kubwa zinazosikiliza mawimbi hafifu kutoka magimba ya mbali sana angani, ili kupima jinsi dunia inavyozunguka na bara linavyosogea, na simu moja inayotafuta mtandao inaweza kuyafunika. Intaneti ipo, lakini ya waya. Chukua kompyuta yenye tundu la waya na vipokea sauti vya waya. Watu wa Malindi waliozaliwa karibu na kituo cha anga cha Waitalia kule Ngomeni watalielewa jambo hili upesi kuliko wengine.

Siku za kwanza

Vua viatu mlangoni. Longyearbyen ni desturi, hata hotelini na makumbusho, tangu enzi za wachimba makaa waliokuwa wakiingia na vumbi jeusi. Hili mtu wa Lamu hafundishwi. Litakalomshangaza ni kukosa paka: wamepigwa marufuku Svalbard ili kulinda ndege.

Utapewa mafunzo ya dubu. Nje ya makazi hutembei bila mtu mwenye silaha na ujuzi wa kumfukuza dubu mweupe, na hilo si mapambo. Ny-Ålesund milango haifungwi kwa ufunguo, ili anayekimbia aingie nyumba yoyote iliyo karibu. Mbweha na kulungu wa huko usiwaguse hata wakikusogelea, kwa kuwa kichaa cha mbwa kimo visiwani.

Kuanzia Juni kuna adui mdogo zaidi. Ni ndege weupe wa jamii ya shakwe wanaosafiri kila mwaka kati ya ncha zote mbili, na hutaga pembeni mwa njia. Ukikaribia yai lake anakushukia kichwani na kukudonoa mpaka damu itoke. Inua fimbo, au mkono tu, juu ya kichwa chako. Yeye hulenga kilicho juu kabisa. Nimewahi kuona profesa anakwenda kula chakula cha mchana akiwa ameshika mwiko.

Jumapili zunguka kijiji. Ny-Ålesund ilikuwa ya makaa ya mawe hadi mlipuko wa mwaka 1962 ulipoua wachimbaji 21 na mgodi ukafungwa mwaka uliofuata. Nguzo ya chuma ambayo wasafiri Amundsen wa Norwei na Nobile wa Italia waliifungia chombo chao cha angani mwaka 1926, kabla ya kuruka juu ya Ncha ya Kaskazini, bado imesimama.

Saa, usingizi na sala

Soma sehemu hii hata ukiziruka nyingine.

Saa yetu ya Kiswahili imejengwa juu ya jua. Linachomoza, tunaanza kuhesabu. Linatua, tunaanza tena. Lamu iko karibu na ikweta, hivyo jua halituvunjii ahadi mwaka mzima. Longyearbyen halitui kuanzia karibu tarehe 20 Aprili hadi karibu 22 Agosti. Jambo la kwanza, basi, andika saa zote kwa tarakimu 24. Ukiambiwa kikao ni saa 08:00, usijitafsirie kichwani. Nimeona mtu wetu akikosa boti ya utafiti kwa kuchanganya saa mbili na saa nane.

Jambo la pili ni usingizi. Kiangazi mwili haukwambii umechoka. Unaosha sufuria, unatoka nje, jua limekaa juu ya mlima, unatembea kidogo, unarudi, ni saa 02:00 na zamu ni saa 06:00. Weka pazia zito, au karatasi ya fedha ya jikoni dirishani. Weka saa ya kulala na uitii kama amri ya kazi. Majira ya giza ni kinyume: usingizi unakujia mchana, hamu ya kula inakwenda, na watu huanza kujibu kwa mkato. Taa maalumu ya mwanga mkali asubuhi inasaidia. Kutoka nje kila siku, hata gizani, kunasaidia zaidi. Longyearbyen wana sherehe ya kurudi kwa jua: kwa sababu ya milima, miale huufikia mji wenyewe karibu tarehe 8 Machi, na watu wote hukusanyika kwenye ngazi za hospitali ya zamani kuusubiri mwanga uguse. Ukiwepo, nenda.

Mama aliwahi kuniuliza kwenye simu:

"Mwanangu, huko maghribi mumeshasali?"

"Mama, jua liko juu ya mlima."

"Saa hizi?"

"Saa hizi. Na katikati ya usiku litakuwapo vile vile, upande wa pili."

Akanyamaza. "Basi mwalalaje?"

Swali lake la sala lina jibu, na ni jibu la kale. Katika hadithi ya Dajjali iliyopokewa na Muslim, Mtume alitaja siku itakayokuwa kama mwaka. Masahaba wakauliza kama sala za siku moja zingetosha, naye akawaambia hapana, wakadirie. Wanazuoni wamejenga juu ya neno hilo. Wapo wanaosema fuata nyakati za mji ulio karibu nawe ambako usiku na mchana bado vinatengana. Wapo wanaosema fuata saa za Makka. Mimi si mufti. Ninachokwambia ni kwamba ukae na sheikh wako Lamu kabla ya kuondoka, uchague njia moja, uchapishe ratiba ya mwaka kwenye karatasi, na usiibadilishe kila ukichoka. Ratiba hiyo hiyo ndiyo ya kufungia na kufungulia Ramadhani.

Udhu: maji ya bomba yapo Svalbard, lakini kuosha miguu mara tano na kuirudisha kwenye viatu vya baridi ni taabu. Jifunze vizuri masharti ya kupaka juu ya khofu, yaani soksi za ngozi, katika madhehebu yetu ya Shafi: uzivae ukiwa na udhu kamili, zifunike vifundo, ziwe za kuweza kutembelewa. Mkaazi ana siku na usiku wake, msafiri siku tatu. Ni nyepesi, zibebe. Kituo cha Marekani cha Ncha ya Kusini maji huyeyushwa kutoka barafuni kwa mafuta ghali, na kuoga ni dakika mbili, mara mbili kwa wiki. Huko utajua thamani ya kata moja ya maji.

Kibla: Lamu tunaelekea kaskazini, karibu moja kwa moja. Longyearbyen utaelekea kusini, ukipinda kidogo mashariki, nyuzi kama 153 kutoka kaskazini halisi. Ukifika Ncha ya Kusini kabisa, kila upande ni kaskazini. Fuata mstari wa longitudo wa Makka, karibu digrii 40 mashariki, ambao njiani hupita karibu na mji wa Kilifi.

Pa kusalia, nilichokiona bora ni chumba cha kukaushia nguo. Kina joto, kisafi, hakipitwi sana baada ya chakula. Muombe mkuu wa nyumba mara moja, kwa uwazi, umwambie ni dakika ngapi. Hakuna aliyewahi kunikatalia.

Mezani

Ny-Ålesund wote hula ukumbi mmoja, mkurugenzi na mfagiaji. Mpishi mwone siku ya kwanza. Usiseme tu huli nguruwe. Mwambie kuhusu mvinyo kwenye mchuzi, jelatini kwenye vitamu, na sufuria iliyokaangiwa nyama ya nguruwe. Samaki ni wengi, na mboga zipo zikifika. Majira ya baridi Antaktika matunda mabichi huisha, na embe linakuwa jambo la kuota.

Kisha jitolee kupika siku moja. Tui la kopo hupatikana. Wali wa nazi na samaki wa kupaka, hata akiwa chewa wa Norwei badala ya changu, utakufanyia kazi ambayo mazungumzo ya mwezi mzima hayawezi. Punguza pilipili nusu, kisha punguza tena.

Watu

Kituo ni jahazi lililotia nanga mahali pasipo na bandari. Aliyewahi kulala sitahani na mabaharia saba, akijua nani anakoroma na nani hapendi kusemeshwa kabla ya chai, ana elimu ambayo wazungu hulipia semina.

Kuna zamu za usafi, na kila mtu anazo. Usifike na mawazo kwamba kupiga deki si kazi ya msomi, na wala usifike ukidhani wewe mfanyakazi wa jikoni ndiye utakayewapigia wengine. Fanya yako, usifanye ya mwenzako kila mara kwa haya. Sisi tuna tabia ya kunyamaza ili kulinda heshima, na kituoni ukimya huo hugeuka kuwa kinyongo. Kama mtu anatumia kikombe chako, mwambie siku ile ile, kwa upole, mkiwa wawili. Usimwambie mtu wa tatu, kwa sababu mtu wa tatu ni nusu ya kijiji.

Salamu zetu ndefu punguza bila kuziacha. Watu wa kaskazini hupita bila neno, na hawana ubaya. Lakini niliona kwamba yule anayeulizwa "umelalaje?" kila siku, mwishowe ndiye anayekuja kukuambia kwamba halali kabisa. Akikuambia hivyo, mpeleke kwa daktari wa kituo. Usimfanyie wewe udaktari.

Nyumbani piga simu kwa siku maalumu, siyo kila unapojisikia. Ukipiga ovyo utakuwa nusu Lamu, nusu barafuni, na kazi itakushinda.

Kurudi

Panga kutoka kijijini siku mbili au tatu kabla ya ndege yako ya kimataifa, maana ukungu ukishuka ndege ndogo hairuki na tikiti ya Oslo haikusubiri. Uliza mapema kama mwajiri anabadilisha tarehe bila kukutoza. Angalia tena ile nafasi ya pili ya viza: tarehe yake ya mwisho iwe bado haijapita, na idadi ya siku za Schengen iwe inatosha kwa siku utakazokwama Tromsø au Oslo. Nguo nzito uza au gawa kule kule, kwa kuwa kuna wageni wapya kila msimu na bei ya uzito wa ndege ni kubwa kuliko thamani ya koti. Viatu vya barafu bakisha kama umeahidiwa msimu mwingine. Vikaushe kabisa kabla ya kuvifunga, uvijaze magazeti, na ukifika Lamu uviweke juu ya kabati, mbali na unyevu wa kusi, la sivyo gundi ya nyayo itaachia.